Kuhama Dar kwenda Mwanza: hela haimalizwi na lori

Mtu akishajua anahamia Mwanza, swali la kwanza huwa moja: "Fuso mpaka kule bei gani?" Nami niliuliza hivyohivyo. Nilizunguka siku tatu nikilinganisha bei za malori, nikapunguziwa laki moja na nusu, nikajiona mjanja. Wiki sita baadaye nilikuwa nalipia nyumba mbili, moja Tabata isiyokuwa na mtu na nyingine Mwanza isiyokuwa na kitanda, na ile laki na nusu ilishaliwa zamani.

Ndipo nilipokaa na daftari nikaanza kuelewa. Kuhama mji kwa mji kuna gharama mnazozijadili kwenye simu, kama lori, nauli na wabebaji, na kuna gharama zilizojificha kwenye kalenda. Hizi za pili hazina risiti moja ya kuonyesha. Zinakula kidogo kidogo kwa sababu tarehe ya kutoka huku na tarehe ya kuanza kule hazikukutana.

Tuchukue familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, waliopanga nyumba ya vyumba viwili Dar kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na wanaotafuta ya 250,000 Mwanza. Namba ninazotumia ni za mfano, wewe weka zako. Mwenye nyumba wa Mwanza anataka kodi ya miezi sita, hapo ni 1,500,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 250,000. Safari ya kwenda kuiona nyumba kabla ya kulipa, pamoja na gesti na daladala, tuseme 250,000. Nyumba ya Dar ilikuwa imelipiwa mpaka mwisho wa Agosti nao wameondoka mwisho wa Juni, kwa hiyo 600,000 imebaki kwa mwenye nyumba. Nusu ya Fuso 900,000. Kupakia na kushusha, pande zote mbili, 200,000. Maboksi, kamba, nailoni na gundi ya karatasi 60,000. Basi la daraja la kati kwa watu wanne kama 312,000. Chakula cha njiani na siku mbili za kulala ovyo kabla vitanda havijafungwa 150,000. Vitasa, bomba linalovuja, mapazia yasiyolingana na madirisha mapya, 200,000. Na fedha ya kuishi mpaka mshahara wa kwanza utoke, 800,000.

Jumla ni 5,222,000. Lori lile lililowanyima usingizi ni chini ya moja ya tano. Yanayohusu nyumba peke yake, yaani kodi ya mbele, dalali, safari ya kuiona na miezi iliyopotea Dar, ni 2,600,000, karibu nusu kamili.

Nyumba mbili kwa wakati mmoja

Kwetu kodi ya pango hulipwa mbele, na hilo ndilo linalofanya kuhama kuumize kuliko umbali wenyewe. Miezi mitatu, sita, wengine mwaka. Ukishalipa, hela hiyo imeondoka. Mwenye nyumba akikurejeshea miezi iliyobaki kwa hiari yake, mshukuru, maana wengi wameshaijengea banda la uani.

Kwa hiyo tarehe ya kuhama inatakiwa itoke kwenye mkataba wa pango kabla ya kutoka kwingine kokote. Ukijua mapema, hata kama barua ya uhamisho haijafika, usilipe tena miezi sita. Mwombe mwenye nyumba alipwe mwezi kwa mwezi, hata kwa kuongeza kidogo. Laki tatu na nusu kwa mwezi mmoja utakaokaa ni nafuu kuliko laki tatu mara sita. Na ikiwa umekwama na miezi mikononi, njia inayofanya kazi ni kumtafuta mpangaji wa kukurithi. Mwenye nyumba akubali kwanza, kisha huyo mpya akurudishie hela ya miezi iliyosalia na kuandikiwa mkataba wake. Tangazo liweke mapema, wiki nane kabla kama unaweza. Ukitangaza wiki ya mwisho, mwenye hela atasubiri uondoke achukue kwa bei ya kawaida.

Upande wa Mwanza, kosa kubwa ni kulipa miezi sita kwa nyumba uliyoiona kwenye picha. Picha haina harufu ya mtaro, haionyeshi maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, wala haikuambii kama gari linafika mlangoni. Dalali naye kazi yake ni kufunga biashara, na wengine hutoza hela ya kukuonyesha hata usipoipenda nyumba. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mtume ndugu au mfanyakazi mwenzako mtarajiwa, halafu omba kuanza na miezi mitatu. Mimi ningekubali kulipa kodi ya juu kidogo kwa miezi mitatu kuliko kujifunga sita kwenye mtaa nisioujua. Ukikosa kabisa, chumba cha kulala wageni cha wiki mbili bado ni bei ndogo ukilinganisha na mkataba mbaya.

Kuna jambo dogo la umeme ambalo watu hulijua wakishaumia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Nyumba ikikaa bila mtu miezi kadhaa, deni hilo hujikusanya kwenye mita, na atakayenunua umeme wa kwanza ndiye anayelipa. Kabla ya kukabidhiwa funguo, nunueni umeme wa kiasi kidogo mkiwa na mwenye nyumba, muone kinachokatwa. Bili ya maji nayo iangalie kwa jina la mita, maana deni la aliyetangulia halihami naye.

Halafu kuna nyumba mbili za aina nyingine, zile za familia iliyogawanyika. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi walitangulia peke yao, mke au mume na watoto wakabaki Dar "kwa muda". Huo muda una bei. Mtu mmoja akipanga chumba cha 70,000, akila mgahawani kwa 8,000 kwa siku, na kwenda kuona familia mara moja kwa mwezi kwa basi, kutoka Mwanza ni kama 466,000 kila mwezi. Miezi mitano ni 2,330,000, yaani zaidi ya Fuso zima. Sisemi msigawanyike, shule inaweza kulazimisha. Nasema muiandike kwenye bajeti kwa jina lake, isijifiche kwenye "matumizi ya kawaida".

Bei ya lori inatengenezwaje

Kutoka Dar mpaka Mwanza kwa barabara ni kama kilomita 1,150: Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni, Singida, unashuka Sekenke, unapita Igunga na Nzega, Tinde, Shinyanga, ndipo Mwanza. Ungefikiri bei ni kilomita mara shilingi kadhaa. Ungekuwa unaagiza saruji, labda. Kwa vyombo vya ndani mambo mawili yanatangulia kilomita, nayo ni nafasi na uelekeo.

Nafasi kwanza. Vyombo vya ndani huzijaza bodi za malori kabla havijazilemea. Fuso la tani kadhaa litajazwa na makochi, magodoro na makabati yenye uzito usiofika hata nusu ya uwezo wake. Unacholipia hasa ni hewa iliyo katikati ya vitu. Ndiyo maana kitanda kilichofunguliwa kikawa mbao tano ni bei tofauti na kitanda kilichosimama, na sufuria zilizoingiana ni tofauti na sufuria zilizotupwa kwenye kiroba. Tanki la maji la lita 1,000 ni hewa tupu yenye ganda. Lijaze mito, mablanketi na nguo za baridi utakazozihitaji kule, na nafasi yake itajilipa. Friji vilevile, toa rafu, jaza mataulo. Kabla ya kuzungumza bei, pima vitu vyako vikiwa vimefungwa, au angalau vipige picha vyote pamoja umtumie mwenye lori. Ukimwambia kwa mdomo "vyombo vya vyumba viwili", atakisia, na akikisia atajilinda kwa kupandisha.

Uelekeo ndio siri ya biashara yenyewe. Lori linalotoka Dar linawaza litarudi na nini. Wakati pamba na mpunga vinatoka Shinyanga, Simiyu na Mwanza, malori yanataka kwenda Kanda ya Ziwa hata kwa mzigo mwepesi, kwa sababu faida iko kwenye kurudi. Wakati hakuna mazao, dereva anajua anaweza kurudi na bodi tupu, kwa hiyo anakutoza safari zote mbili ingawa wewe unaenda moja. Anayehama kinyume, kutoka Mwanza kwenda Dar, hukutana na hali hii ikiwa imepinduliwa: msimu wa mazao atashindana na magunia, nje ya msimu atakuta madereva wanaoomba chochote cha kuwarudisha Dar na hela ya mafuta. Kwa hiyo ulizia bei kwa watu wanaobeba mizigo ya njia hiyo kila wiki. Lori la kukodi la mtaani kwako, ambalo kazi yake ni mchanga na kokoto, halina mzigo wa kurudi kule. Litakupiga bei kubwa bila hata nia mbaya.

Kuna hesabu moja ya haraka inayosaidia kujua kama bei unayopewa ni ya kweli. Tuseme Fuso lenye mzigo linatumia lita moja kwa kilomita nne. Kilomita 1,150 ni lita 288 hivi. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ikiwa dizeli ni shilingi 2,800, mafuta ya kwenda tu ni kama 806,000. Bado posho ya dereva na utingo, matairi, na faida ya mwenye gari. Sasa mtu akikwambia Fuso zima mpaka Mwanza ni laki sita, jiulize nani analipa mafuta. Jibu la heri ni kwamba gari lina mzigo mwingine na wewe unaongezewa juu, jambo zuri ilimradi likae wazi. Jibu la shari ni kwamba hakuna gari, kuna namba ya simu tu inayosubiri advansi.

Kuchangia lori na watu wengine ndiko kunakoshusha bei kwa familia nyingi, ila ujue unachonunua. Gari litasubiri lijae. Litashusha mzigo Dodoma, mwingine Singida, na kila linaposhusha vitu vyako vinaguswa, vinasogezwa, vinapangwa upya na watu wasiojua boksi lipi lina glasi. Andika namba kwenye kila boksi na pande zake mbili, "1 kati ya 34", uwe na orodha mfukoni. Vyeti, kompyuta, dhahabu, dawa na nguo za siku tatu usivipandishe kabisa. Vinakaa na wewe kwenye kiti.

Mapatano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: namba ya gari, nakala ya leseni ya dereva, bei ni ya mlango kwa mlango au ya barabarani kwa barabarani, nani analipa wa kushusha, na gari likiharibika Manyoni nani anagharamia kuhamishia mzigo kwenye gari lingine. Malipo yagawe, sehemu wakati wa kupakia, kubwa ibaki mpaka kitu cha mwisho kishuke. Watu wengi huuliza, "Gari lina bima?" wakajibiwa lina, wakatulia. Bima ndogo ya gari inashughulikia madhara kwa watu wengine barabarani, hailipi kochi lako lililolowa. Bima ya mizigo safarini ni kitu kingine kinachokatwa peke yake, na kwa vyombo vya thamani inafaa kuulizia.

Njiani kuna mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, inayataka magari ya kuanzia tani 3.5 yapite kwenye mizani, kwa hiyo hata Kenta ya vyombo itapita Vigwaza mkoani Pwani, Nala Dodoma na kadhalika. Uzito hautakuwa tatizo lako. Foleni inaweza kuwa, na ni mojawapo ya sababu za lori kutumia siku mbili au tatu kwa safari ambayo basi humaliza kwa chini ya siku moja. Kilicho muhimu zaidi ni barua. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaandikiwe barua ya kuhama yenye jina lako, unakotoka, unakokwenda, namba ya gari na orodha ya vitu vikubwa, ikagongwe muhuri. Televisheni tatu na friji juu ya lori saa nane za usiku, dereva asiyejua ni za nani, ni maelezo marefu sana mbele ya askari. Gunia la mkaa liachie jirani. Mkaa ni zao la misitu lenye vibali na ushuru wake, na ukikutwa nao utajuta kuliko ulivyookoa.

Kila kitu kilipe nauli yake

Hapa ndipo ndoa hutikisika. Mmoja anataka kubeba kila kitu "kwa sababu tumetoka nacho mbali", mwingine anataka kuuza na kuanza upya. Wote wawili wanasema kwa moyo, na moyo haujui bei ya nafasi.

Kwa kila kitu kikubwa uliza bei tatu. Nikikiuza Dar leo napata ngapi? Kama hicho hicho Mwanza kitanigharimu ngapi? Na nafasi yake kwenye lori ni ngapi? Tofauti ya mbili za kwanza ikizidi ya tatu kwa mbali, beba. Friji linalouzika 350,000 na kununulika 600,000 Mwanza lina tofauti ya 250,000. Kama sehemu yake ya lori ni 60,000, halina mjadala, lipandishe. Seti ya makochi inayouzika 200,000, na ya kutengenezesha kule ni 500,000, ina tofauti ya 300,000. Lakini makochi hula nafasi kama wageni wa harusi, na ikichukua robo ya bodi ya Fuso la 1,800,000, nauli yake ni 450,000. Hayo makochi yamejikataa yenyewe.

Makabati ya mbao za kubandika, zile zinazofungwa kwa skrubu, nayajua kwa uchungu. Ukiyafungua mara moja yanafungika. Ya pili, matundu yameshalegea. Kitanda cha mninga kinatoka Dar kikafika kama kilivyo na kitarithiwa. Cherehani, vyombo vya udongo mzito na majiko hubebeka. Mtungi wa gesi funga valvu vizuri, usimame wima mahali penye hewa, na usijaribu kuupandisha kwenye basi la abiria. Feni unaweza kupunguza na kiyoyozi ukakiuza kabisa. Mwanza iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na usiku wake unataka shuka, tofauti na Dar inayokulaza na jasho. Chandarua usiache.

Uuzaji nao una kalenda. Ukianza wiki sita kabla unauza kwa bei. Ukianza wiki ya mwisho mnunuzi anasikia harufu ya haraka yako, anakuja jioni ya mwisho na nusu ya bei mliyopatana, akijua huna pa kukiweka. Mimi nilimuuzia jirani kabati zima kwa bei ya mlango mmoja wa kabati.

Watu, shule na msimu

Nauli ya mabasi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kwa viwango ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilitangaza Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita moja ya lami na daraja la kati 67.84. Kwa kilomita 1,150 hiyo ni kama 56,000 na 78,000 kwa mtu. Mabasi yanaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na Mwanza yanaishia Nyegezi au Nyamhongolo kutegemea uelekeo, kwa hiyo chagua iliyo karibu na nyumba yako mpya ukiwa na watoto na mabegi. Treni ya SGR inayofika Dodoma tangu 2024 ni ya raha, lakini kuishia Dodoma na familia, kisha kutafuta basi la mbele, ni kuhama mara mbili. Ndege inachukua saa moja na ushee. Kwa mama mwenye kichanga au mzee mwenye miguu ya kuvimba, nafasi moja ya ndege inaweza kuwa busara hata kama wengine wanapanda basi.

Shule inakata zaidi ya nauli. Mwaka wa masomo huanza Januari, na mapumziko makubwa ni Juni na Desemba. Darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne ni madarasa ya mitihani ya taifa. Mtoto akishasajiliwa kufanyia mtihani shule fulani, kumhamisha ni safari ya ofisi nyingi, na mara nyingine ni afadhali abaki kwa shangazi mpaka amalize. Kama mtoto wako yuko kwenye madarasa hayo, yeye ndiye anayepanga tarehe. Shule binafsi zina jambo lake jingine, ada ya muhula iliyolipwa na haitarudi, sare mpya, ada ya kujiunga. Weka mstari wake.

Kati ya Juni na Desemba, mimi ningechagua Juni bila kufikiri mara mbili. Njia yote ni kavu, kutoka pwani mpaka ziwani, na malori yanafuata mazao kwenda Kanda ya Ziwa. Desemba mvua imeanza katikati ya nchi, magodoro yanapigana na turubai, na mabasi yamejaa wanaokwenda kula sikukuu. Wanaohama Machi au Aprili nawaombea tu.

Nani alipe

Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri ana stahiki zake: nauli yake na familia, kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu. Aliyeomba mwenyewe kuhama, kwa sababu za ndoa au nyingine, hujigharamia. Tofauti hiyo ya sentensi moja kwenye barua ni mamilioni, basi isome barua yako kabla ya kuanza kusherehekea. Na hata ukiwa na stahiki, hela ya serikali na lori havifiki siku moja. Panga kama vile utalipwa baadaye, tunza kila risiti.

Sekta binafsi mambo yako kwenye mkataba. Mwajiri akisema "usafiri tutalipia", uliza usafiri wa nini. Tiketi moja ya basi ni usafiri, na Fuso zima pia ni usafiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi na vitu vyake mahali alikoajiriwa pale mkataba unapokwisha na kazi ilikuwa sehemu nyingine. Kwa hiyo mahali palipoandikwa kuwa uliajiriwa pana maana ya fedha. Ukiwa Dar ukaajiriwa kwenda Mwanza, hakikisha mkataba unasema Dar. Mfanyabiashara hana wa kumuuliza, lakini akumbuke leseni ya biashara hutolewa na halmashauri kwa eneo la biashara. Ya Dar haimfungulii duka Mwanza, na TRA, watu wa kodi ya mapato, nao wanataka kujua amehamia wapi.

Mita mia mbili za mwisho

Mwanza ni mji wa mawe. Mabatini, Igogo na vilima vingine vina nyumba zilizokaa juu ya miamba kama njiwa, zenye mandhari ya ziwa ambayo matajiri wangeilipia, na kodi yake ni ya chini kwa sababu moja: gari haliwezi kufika. Lori linasimama barabarani. Kutoka hapo friji linapanda mgongoni mwa mtu, ngazi za mawe, kona, mtaro, ngazi tena. Wabebaji huhesabu kwa kitu na kwa urefu wa mlima, na wakishaona lori limeshusha na dereva ana haraka, bei haipungui. Patana nao asubuhi kabla lori halijafika, na umpeleke mmoja wao akauone mlango. Kama nyumba iko Buswelu, Nyakato au Mkolani, kwingi gari linafika na hela hii inabaki mfukoni. Linganisha kodi ya mlimani na hiyo ya tambarare ukiwa na mlima huu kichwani, na ukumbuke kila mtungi wa gesi na kila gunia la mchele navyo vitaupanda.

Familia ikitangulia siku mbili kabla ya lori, inapata muda wa kupiga deki, kubadili vitasa na kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na ile barua ya Dar. Lori likifika mkiwa nanyi mnafika, mnashusha gizani na kulipa usiku. Vitanda vifungwe kwanza, jiko la pili, vingine vyote vitasubiri kwenye maboksi. Friji, kama lililazwa hata kwa saa chache njiani, lisimamisheni wima mpaka kesho yake kabla ya kulichomeka umeme, mafuta ya mashine yarudi mahali pake. Usiku huo maji ya kunywa yatakuwa ya uvuguvugu, na sato wa kununua jioni itabidi aliwe wote.